Tangi Lililoegemea Ukuta wa Mama

Hamimu hupaka rangi magari kule Buyenzi, mtaa wa Bujumbura, na tusimnyime sifa yake: mkono wake ni mzuri. Mpelekee mlango uliogongwa mara tatu, atakurudishia mlango utakaoona haya kuugusa kwa vidole vyenye mafuta. Watu humletea magari kutoka Kinanira na hata Carama. Shida ya Hamimu haikuwa mkono. Shida ilikuwa kichwa, maana kilikuwa kigumu.

Gereji yake ilikuwa uani kwake. Mbele palitosha magari mawili. Nyuma kulikuwa na vyumba vinne vilivyojipanga mstari mmoja. Chumba cha kwanza kilikuwa cha mama yake, Bibi Dalia. Viwili vya katikati vilikuwa vya Hamimu, mke wake Kaltum na binti yao Houda. Cha mwisho alipanga Amélie, mama wa makamo ambaye ni fundi wa mitambo bandarini. Amélie hutengeneza injini za meli za mizigo zinazokwenda Kigoma na Kongo.

Hamimu alikuwa na kompresa kuukuu. Kompresa ni mashine inayosukuma hewa ndani ya tangi la chuma. Hewa hiyo hupita kwenye mpira mrefu mpaka kwenye pistoli, na pistoli hurusha rangi juu ya gari. Hamimu aliiweka nje ya chumba cha mama yake, imeegemea ukuta, kwa sababu pale palikuwa na kivuli na soketi ya umeme. Upande wa pili wa ukuta huo kulikuwa na kitanda cha Bibi Dalia. Bibi alianguka mwaka jana akavunjika nyonga. Tangu hapo hawezi kusimama bila watu wawili kumshika.

Kila kompresa ina valvu ndogo ya usalama. Mafundi wa Bujumbura huiita supape. Hewa ikizidi ndani ya tangi, supape hufunguka yenyewe na kuitoa. Ile ya Hamimu ilifunguka mara nyingi, na kila ilipofunguka ilipiga mluzi mkali. Bibi Dalia alikuwa akishtuka usingizini na kushika moyo. Hamimu anampenda sana mama yake. Basi siku moja aliitoa supape, akaweka boliti mahali pake, akaikaza kwa nguvu zake zote. Kelele zikaisha. Bibi akalala. Hamimu akajiona mtoto mwema, na majirani wakamsifu.

Mimi ningemgombeza siku ileile, lakini nani aliniuliza?

Miezi minane ikapita. Jumatatu moja asubuhi, dereva wa teksi anayeitwa Ildephonse alirudisha gari lake. Boneti ilikuwa imepakwa wiki mbili tu zilizopita. Sasa ilikuwa na malengelenge madogo kila mahali.

"Hamimu, angalia," alisema Ildephonse. "Iko na mapele kama mutoto wa surua. Abiria wananicheka."

Hamimu aliona aibu. Alimwahidi kuipaka upya bila malipo. Ildephonse alipoondoka, Hamimu aliipiga kompresa teke dogo, akamwambia Kaltum kwamba kosa ni la tangi. Tangi ni dogo, hewa inaisha haraka, rangi inatoka vibaya. Habari njema ni kwamba Moosa, mchomeleaji rafiki yake, alikuwa anamtengenezea kompresa kubwa. Moosa alichukua mitungi miwili mikubwa ya gesi, akaikata na kuiunga iwe tangi moja la lita mia tatu. Juu yake atafunga pampu ya zamani. Alhamisi ataileta.

Kaltum aliuliza itakaa wapi. Hamimu alionyesha ukuta uleule wa mama. Mahali pengine hapakuwa na soketi.

Kesho yake, Jumanne, saa nne asubuhi, Hamimu alianza kupaka boneti ya Ildephonse. Houda alikuwa shuleni. Kaltum alikuwa akichambua mchele mlangoni kwake. Amélie alikuwa na likizo, akifua ovaroli zake karibu na bomba.

Amélie aliacha kufua. Alisikiliza. Mota ya kompresa ilikuwa inaguna kwa sauti nzito, na haikunyamaza. Kompresa nzima hujaza tangi, ikazima yenyewe, ikapumzika, kisha ikawaka tena. Hii haikupumzika hata kidogo. Amélie alinyanyuka na kusogea hatua chache mpaka akaona kipimo. Mshale wake ulitakiwa usizidi nane. Ulikuwa umepita kumi na mbili.

"Baba Houda," alisema Amélie kwa sauti ya chini. "Supape iko wapi?"

"Niliitoa. Ilikuwa inasumbua mama. Nikaweka boliti."

Uso wa Amélie ulibadilika. Hamimu alipoona uso ule, akaelewa kuna jambo, akatupa kitambaa chake na kukimbilia kwenye tangi ili alifungue kwa mkono. Amélie alimshika shati kwa nyuma, akamvuta karibu aanguke.

"Apana kule. Usifike karibu yake. Zima umeme kwa kisanduku cha mulangoni."

Kisanduku cha umeme kilikuwa kwenye lango la barabarani, mbali na kompresa. Hamimu alikimbia. Mota ikazima. Lakini hewa ilikuwa bado imefungwa ndani ya tangi, na tangi lilikuwa bado linaegemea ukuta wa mama. Ua wote ukawa kimya. Kisha chuma kikalia mara moja, tiki, kama sufuria inayopoa. Kaltum alishika mdomo.

"Mama iko ndani," alisema. "Mi naenda kumutoa."

"Mulango yake iko pembeni ya tangi," Amélie alimjibu. "Ukipita pale, tutakuwa na watu wawili pale. Ngoja."

Ni vigumu kumwambia mtu angoje wakati mama mkwe wake yuko nyuma ya ukuta. Kaltum alingoja, lakini machozi yalimtoka. Amélie alimwambia Hamimu achukue pistoli, maana mpira wake ulikuwa na urefu wa mita kumi. Wote watatu walijificha nyuma ya teksi ya Ildephonse, upande wa lango. Hamimu alibonyeza pistoli na kuielekeza chini. Hewa ikaanza kutoka, shiii, polepole. Amélie alimwambia asiachie.

Ndani, Bibi Dalia alisikia ukimya wa mota akaita. "Kaltum? Umeme umekatika?"

"Ndiyo, mama," alijibu Kaltum, akijaribu kufanya sauti yake iwe ya kila siku. "Lala tu. Usijigeuze."

Hewa ilitoka kwa dakika nyingi. Hamimu alisema baadaye kwamba kufunga Ramadhani nzima ni kufupi kuliko dakika zile. Mwishoni pistoli ilikohoa, ikanyamaza. Amélie alikwenda peke yake kutazama. Mshale ulikuwa kwenye sifuri.

Akachukua spana, akapiga magoti, akafungua kizibo kilichokuwa chini kabisa ya tangi. Hamimu alikuwa na kompresa ile kwa miaka sita, na hakuwahi kukifungua. Maji yakatoka, mekundu kama chai ya rangi, yakajaza jagi moja na nusu. Pamoja na maji vilitoka vipande vya kutu.

Amélie alieleza taratibu. Hewa ya Bujumbura ina unyevu mwingi, kwa sababu ziwa liko hapo mlangoni. Kompresa inapobana hewa, ule unyevu hugeuka maji na kukaa chini ya tangi. Yasipomwagwa kila siku, hufanya mambo mawili. Kwanza, hupanda kwenye mpira na kutoka pamoja na rangi, na hayo ndiyo mapele ya gari la Ildephonse. Pili, hula chuma kutoka ndani. Nje tangi linaonekana zima, lakini ndani limebaki jembamba.

"Ile mluzi ilikuwa inakuambia kitu," alisema Amélie. "Swichi ya kuzima mota ilikuwa inakufa. Supape ndiyo ilikuwa inakuokoa. We ukaiziba."

"Na kama tangi ingepasuka?"

"Hewa iliyobanwa inatoka yote mara moja, na chuma inaruka nayo. Huu ukuta ni wa tofali mbichi, Baba Houda."

Hamimu hakula mchana ule. Lakini kichwa kigumu hakilainiki kwa siku moja. Jioni alishaanza kusema kwamba basi, dawa yake ni lile tangi la Moosa. Mitungi ya gesi ina chuma kinene, haiwezi kupasuka. Tena ni lita mia tatu! Amélie alimwambia unene wa chuma sio jambo lote. Tangi likikatwa na kuungwa upya, nguvu yake ni ile ya sehemu iliyounganishwa, na hakuna mtu aliyeipima. Hamimu alijibu kwamba Moosa ameunga mageti ya nusu ya Buyenzi na hakuna geti lililoanguka.

Kaltum alikuwa akisikiliza. Aliweka sahani chini.

"Siku utaweka ile tangi pale," alisema, "mi na Houda tutahamia kwa chumba cha mama. Tutalala naye, sisi wote watatu. Halafu uwashe."

Alisema hivyo bila hasira, na ndiyo maana Hamimu aliogopa. Kisha akamuuliza Amélie kama kuna njia ya kulipima tangi bila kumuua mtu.

"Iko," alisema Amélie. "Na maji."

Alhamisi saa tisa alasiri, Moosa alifika na tangi lake juu ya mkokoteni. Lilikuwa limepakwa rangi ya fedha, linang'aa kweli. Moosa alikuwa mtu mchangamfu, lakini aliposikia neno kupima, alinuna. Aliuliza tangu lini rafiki anapimwa. Hamimu alitazama chini. Halafu alisema kwamba nyuma ya ukuta ule analala mama yake, na kwamba Moosa mwenyewe ameshakula wali wa mama huyo mara nyingi. Moosa akaanza kulishusha tangi.

Amélie alikuwa ameomba ruhusa kazini kuazima pampu ndogo ya mkono ya kupimia. Walijaza tangi maji mpaka juu, bila kuacha hewa ndani. Amélie alieleza sababu. Hewa hubanika, hujikusanya, na ikipata upenyo hulipuka. Maji hayabaniki hivyo. Tangi likishindwa likiwa na maji, litavuja tu. Kama kazi yake itakuwa nane kwenye kipimo, lipimwe mpaka kumi na mbili. Likivumilia pale bila kuvuja wala kuvimba, mtu anaweza kuanza kuzungumza. Hata hivyo, aliongeza, tangi la kiwandani lenye kibao chake na mwaka wake linabaki kuwa bora.

Walimtoa kwanza Bibi Dalia, mmoja kushoto na mwingine kulia, wakamketisha barazani kwa Amélie. Alilalamika kwamba wanamsumbua bure.

Moosa mwenyewe alitaka kushika pampu. Alibonyeza. Mshale ukafika mbili, ukafika tatu. Alimtazama Hamimu na kutabasamu. Nne. Tano. Kaltum alikuwa amemshika Houda mabegani. Moosa alibonyeza tena, mshale ukagusa sita, na pale pale mshono wa katikati ukafunguka. Maji yakaruka kwa uzi mmoja mwembamba, yakagonga ukuta wa Bibi Dalia, yakachimba udongo na kuacha tundu la ukubwa wa kidole. Kisha mshale ukaanguka na maji yakaendelea kutiririka chini kwa upole.

Sita. Na kazi ya kila siku ingekuwa nane.

Moosa aliketi juu ya tairi. Rangi ya fedha ilikuwa imemchafua mikono. Kisha akasema kitu ambacho hakuna aliyekuwa amemuuliza.

"Niko na lingine kama hili. Nilimuuzia mutu wa kuziba tairi kule Carama. Linafanya kazi."

Hamimu alishaanza kutafuta ufunguo wa pikipiki. Walikwenda wawili, yeye na Moosa. Walimkuta yule mtu, wakazima umeme, wakatoa hewa kwa mpira mrefu kama alivyowafundisha Amélie. Moosa alilikata tangi lile kwa mkono wake, na akamrudishia yule mtu pesa zake. Kabla ya jua kuzama lilikuwa vipande. Nampa Moosa heshima kwa hilo. Wengi wangenyamaza.

Ikabaki kazi ya kuchagua kompresa nzuri. Jumamosi, Hamimu, Kaltum na Amélie walikwenda kwenye duka la vifaa la mzee Suud, ambaye familia yake inauza vyuma mjini tangu enzi za babu yake. Hamimu aliingia na kuelekea moja kwa moja kwenye kompresa nyekundu yenye tangi la lita mia mbili. Amélie alimwacha ailambe kwa macho, kisha akamuuliza pistoli yake inakunywa hewa kiasi gani kwa dakika.

Hamimu hakujua. Miaka sita ya kazi, na hakujua. Amélie alimwonyesha karatasi ya maelezo ya pistoli kama yake: lita mia mbili kwa dakika.

"Nyumbani maji yakikosekana, tunaweka mapipa," alisema. "Pipa kubwa inaleta maji?"

"Apana. Bomba ndiyo inaleta."

"Sawa. Tangi ni pipa. Pampu ndiyo bomba. Tuangalie bomba kwanza."

Walisoma kibao cha ile nyekundu. Juu kulikuwa na namba kubwa: lita mia mbili na themanini kwa dakika. Hamimu alifurahi. Amélie akamwonyesha namba ndogo chini yake. Namba kubwa ni hewa ambayo pampu inavuta. Namba ndogo ni hewa ambayo inafika kweli kwenye mpira, na hiyo ndiyo pistoli itakayokunywa. Ilikuwa mia na themanini tu. Kwa hiyo kompresa ile, pamoja na tangi lake kubwa, ingechoka kila siku. Mota isingepumzika, na kompresa ya pistoni isiyopumzika hujichoma. Inatakiwa ifanye kazi kama dakika sita, ipumzike nne.

Pembeni kulikuwa na ya bluu yenye tangi la lita mia moja. Hewa inayofika kwenye mpira ilikuwa lita mia mbili na themanini. Pampu yake ilizungushwa kwa mkanda, haiendi mbio sana, kwa hiyo haichemki haraka. Ilikuwa na dirisha dogo la kuonyesha mafuta, kipimo, swichi nzima, kizibo cha maji chini, na supape yenye pete. Suud alitaja nyingine yenye nguvu zaidi, lakini ilihitaji umeme wa nyaya tatu wa viwandani, na nyumbani kwa Hamimu hakuna. Hamimu aliuliza kuhusu ya petroli, kwa ajili ya siku umeme ukikatika. Suud alicheka. Alimuuliza petroli ataipangia foleni lini, na magari atayapaka lini.

Walichukua ya bluu.

Hawakuiweka kwenye ukuta wa mama. Fundi umeme alivuta waya mnene mpaka kona ya barabarani, mbali na vyumba. Hamimu alijenga pale kibanda kidogo cha tofali za kuchoma, chenye paa la bati na matundu ya kupitisha hewa. Kabla ya hapo alikuwa ametaka kutumia waya mrefu wa kuunganisha, ule mwembamba wa nyumbani. Amélie alikataa. Waya mwembamba ukiwa mrefu hudhoofisha umeme na kuunguza mota. Arefushe mpira wa hewa, sio waya. Kwa hiyo Hamimu alinunua mpira wa mita ishirini.

Sasa kila jioni anamwaga maji ya tangi kabla ya kunawa mikono. Kila Ijumaa anatazama mafuta, na anavuta pete ya supape kuhakikisha inafunguka. Boneti ya Ildephonse ilitoka laini, mtu anaweza kunyoa ndevu akijitazama ndani yake. Tundu la ukutani liliachwa bila kuzibwa, maana Kaltum alitaka Hamimu alione kila siku.

Kulibaki jambo moja. Bibi Dalia hakuwa ameambiwa kwa nini alitolewa chumbani, na alikuwa amechoka kudanganywa. Jumapili baada ya chakula, Hamimu aliketi kwenye ukingo wa kitanda chake. Alimweleza yote: mluzi, boliti, mshale uliopita kumi na mbili. Alilia kidogo akisema. Alimwomba radhi kwa sababu alimlaza miezi minane karibu na kitu cha kumuua.

Bibi Dalia alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza, "Na we, wakati unafanya kazi, ulikuwa unasimama wapi?"

"Pale pale, mama. Pembeni yake."

"Kila siku?"

"Kila siku."

Bibi aliushika mkono wake wenye madoa ya rangi, akaubana kwa nguvu ambayo Hamimu hakujua kama bado anayo.

"Mi nilikuwa na ukuta," alisema. "We ulikuwa na nini?"

Siku zote zile Hamimu alimhangaikia mama yake, na hata mara moja hakukumbuka kwamba na yeye ni mtoto wa mtu.